Kutoka Kifafa hadi Utando wa Seli: Historia ya Jina la Maradhi ya Mimba na Funzo Lake kwa Muhuta

Makala haya yanafuatilia jinsi maarifa kuhusu kondo la nyuma yalivyoupita msamiati wa Kiswahili wa afya ya uzazi. Mfano unaozingatiwa ni Muhuta, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ambako Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana.

Jina kifafa cha mimba hutaja mtukutiko wa mwili, yaani hatua ya mwisho ya maradhi. Kiswahili hakiko peke yake: eklampsia hutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kumulika ghafla. Majina yote mawili yalitangulia ujuzi wa chanzo.

Mwaka 1967 Brosens, Robertson na Dixon walieleza kwamba, katika mimba ya kawaida, seli za kondo huingia katika ateri za mfuko wa uzazi na kuchukua nafasi ya misuli ya kuta zake. Ateri hupanuka, na damu ya mama hulifikia kondo kwa wingi. Katika mimba yenye maradhi haya, badiliko hilo halikamiliki. Katika miaka ya 1990, Zhou, Damsky, Fisher na wenzao wa California walionyesha kuwa seli hizo hubadilisha kwanza protini za utando wake, zikiwamo integrini, hata zikafanana na seli zinazotanda ndani ya mishipa. Zisipozibadilisha, hupenya kidogo tu. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake, wakichunguza wanawake wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walibainisha jeni za vipokezi vya KIR, vilivyo katika utando wa seli za kinga za mama, ambazo huwakinga wanawake wa Kiafrika dhidi ya maradhi hayo.

Hivyo maradhi huanza miezi kadhaa kabla ya mtukutiko. Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo ya kujifungua, lakini nafuu hiyo humfaa aliyekwisha kufika kituoni. Neno kifafa halimhimizi mjamzito anayejiona mzima kupimwa shinikizo la damu; tena ni jina la maradhi mengine, ambayo jamii nyingi huyahusisha na mashetani.

Inapendekezwa kifafa cha mimba kibakie kwa hatua ya mtukutiko, na hatua ya awali iitwe shinikizo la damu la mimba. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeweza kusimamia usanifishaji huo, huku wakunga wa mwambao wakishirikishwa kuteua visawe vya Kirundi.