Glichi si wizi, kuzima data ndio wizi

Kuna sentensi moja inanichosha kwenye makundi yetu ya eFootball huku South Coast: "Huyo hajui mpira, anatumia glichi tu." Ikishatamkwa, mtu aliyefungwa 4-0 anajiona yeye ndiye mshindi wa kweli. Leo naandika historia kidogo, manake wengi wanaoisema walianzia kwenye simu na hawajui tumetoka wapi.

Turudi 1993. EA wanatoa FIFA International Soccer, gemu yao ya kwanza katika ule msururu wa FIFA. Ndani yake mlikuwa na kasoro moja tamu sana. Kipa akishika mpira, unamsimamisha mchezaji wako mbele yake, unangoja apige. Mpira unamgonga mtu wako, unarudi wavuni. Bao! Na ukicheza rafu, refa akija na kadi, unaweza kumkimbia uwanjani akabaki anakufukuza. Hakuna aliyeweza kurekebisha, kwa sababu gemu ilikuja kwenye katriji. Ikishatoka kiwandani imetoka.

Sasa nani aliweka sheria? Wachezaji wenyewe, pale walipokaa. Sisi Mwabungo tulilijua hilo bila kufundishwa. Kibanda cha PlayStation 2 nilichokulia, huku upande wa barabara ya Lungalunga, kilikuwa na televisheni moja nene, pedi mbili (moja kitufe chake kimelegea, na mgeni ndiye hupewa hiyo), na diski ya PES 6, gemu ya 2006 ambayo sisi tuliicheza miaka mingi baadaye. Shilingi kumi kwa mechi. Aliyecheza PES 6 anamjua Adriano wa Inter Milan. Ukimwachia mguu wa kushoto, hata akiwa mbali na boksi, kipa wako anaenda kuokota tu. Watu walianza kupoteza pesa, kelele zikazidi, mwenye kibanda akaandika ukutani kwa mkaa: INTER HAIRUHUSIWI.

Marufuku ile ilikaa miezi. Halafu dogo mmoja, mtoto wa shule ya msingi, akaomba acheze na mtu wa Inter makusudi. Tulicheka. Kumbe alikuwa amekaa pale nyuma kwenye kreti ya soda siku zote akitazama. Hakuufuata mpira hata mara moja. Alimsimamia Adriano upande wa kushoto, akamlazimisha ageukie kulia, na kwa mguu wa kulia Adriano ni mtu wa kawaida tu. Dogo akashinda 2-0. Kesho yake ukuta ukafutwa.

Hapo ndipo nilipata kipimo changu, na sijakibadilisha: je, nilikuwa na namna ya kumjibu kwa vidole vyangu? Kama ipo, hata kama siijui bado, basi sijaibiwa. Nimefungwa.

Msiniambie ati mpira wa kweli hauko hivyo. Hadi 1925, mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli ndipo asiwe ameotea. Beki wa Newcastle, Bill McCracken, aliigeuza sheria hiyo kuwa mtego, hatua moja mbele na washambuliaji wote wameotea. Watu walimchukia. Watatu wakapunguzwa kuwa wawili, na mabao ya ligi ya daraja la kwanza Uingereza yakaruka kutoka 1,192 hadi 1,703 katika msimu mmoja. Hiyo ni apdeti kabla ya apdeti.

Halafu Kombe la Dunia la 1990 kule Italia, mabao 115 tu kwa mechi 52. Ukitaka sare, mrudishie kipa, adake, amrushie beki, beki amrudishie, adake tena. Misri na Ireland walitoka 0-0 Palermo kwa mchezo wa aina hiyo, na sheria ilikuwa inaruhusu. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka pasi ya mguu aliyorudishiwa makusudi na mwenzake, ikabidi makipa wajifunze kucheza mpira. Ederson tuliyemshangilia akiwa Man City, na zile pasi zake za nusu uwanja, ni mjukuu wa ule uchafu.

Na Suárez? Julai 2, 2010, Johannesburg, Ghana wanaelekea nusu fainali, mkono wake ukazuia mpira kwenye mstari. Najua mtanitukana, lakini sheria ilimtoa kwa kadi nyekundu na ikampa Gyan penalti. Jibu lilikuwepo. Liligonga mwamba. Iliniuma na bado inauma, lakini siiti wizi.

Mtandao ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na polepole tukaanza kucheza na watu tusiowaona. Sheria nayo ikahama ukutani ikaenda kwa kampuni. FIFA 12 ilikuja na ukabaji mpya. Kabla yake ulishikilia kitufe kimoja, beki akamfuata mtu mwenyewe kama mbwa wa polisi. FIFA 14 ilikuwa krosi na kichwa, krosi na kichwa, mpaka EA wakapunguza nguvu za vichwa kwa apdeti. Unalala fundi, unaamka mgeni. Hakuna aliyekuuliza, na hakuna dogo wa kwenye kreti aliyepewa muda wa kutafuta dawa.

Hilo naweza kuishi nalo. Nisiloweza ni mtu anayezima data dakika ya 85. Au anayeuchezea mtandao wake makusudi ili mabeki wako wagande. Hapo kipimo changu kinafika mwisho. Vidole vyangu vitafanya nini? Kibandani ungechomoa waya, wallahi usingefika mlangoni. Mtandaoni hakuna anayekuona, na aibu haisafiri kwenye kebo.

Kibaya zaidi kwetu, huwezi hata kumjua mwizi. Mwabungo ukisogea nyuma ya minazi mtandao unaondoka wenyewe. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, Afrika Mashariki nzima ikaganda. Kwa hiyo Ramadhani iliyopita, fainali ya ligi yetu ya simu, kiingilio shilingi 200 kila mmoja, ilipokatika dakika za mwisho matokeo yakiwa 2-1, mmoja aliapa ni mtandao na mwenzake akaapa ni ujanja. Ni marafiki wa tangu madrasa. Hadi leo wakipishana stejini hawasalimiani, na pesa bado ziko kwa mweka hazina, anaogopa kumpa yeyote.

Ndiyo maana ligi ijayo nimependekeza kuanzia robo fainali tukae chumba kimoja, wifi moja, watu wakitazama. Long Ball Counter ruhusa. Krosi ruhusa. Smart Assist tutagombana siku hiyo hiyo, mimi naipinga. Mwenye chumba amekubali, ila kila mtu aje na chaja yake.