Kukwepa msongamano kwenye kambi za Kilimanjaro

Mlima Kilimanjaro hujaa wageni mara mbili kwa mwaka: kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, mvua zinapokuwa zimekatika. Kama unakwenda kupanda, au unakwenda kubeba mizigo ya wageni, kujaa huko kutakugusa: hema juu ya mawe, foleni ya choo, na usingizi wa kuibia kabla ya safari ya kileleni.

Wengi hudhani kubadili geti kunatosha. Hakutoshi. Njia za Machame, Lemosho na Umbwe zinaanzia mahali tofauti, lakini zote hukutana kambi ya Barranco, kisha watu haohao husogea pamoja hadi Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Barafu haina maji. Mto wa mwisho uko bonde la Karanga, na ni wapagazi wanaoyapandisha. Wageni wakiongezeka, madumu ya maji nayo yanaongezeka, na yanabebwa na watu.

Kwa hiyo angalia tarehe kwanza. Kampuni nyingi hulenga usiku wa mwezi mpevu, wageni wapate mwanga wa kupandia kileleni. Sisi tunashauri usogeze siku nne au tano mbele. Mwezi wakati huo huchelewa kuchomoza, lakini saa sita ya usiku, watu wanapoanza kupanda, unakuwa tayari uko juu. Mwanga unaupata, kundi kubwa limeshashuka. Mwaka Mpya nao una watu wake, wanaotaka kuona jua la Januari mosi wakiwa Uhuru.

Uliza pia kama ratiba ina usiku wa Karanga. Ratiba ya siku 6 ya Machame kwa kawaida huupitiliza, na watu hufika Barafu jioni wakiwa hoi. Aliyelala Karanga hufika kabla ya mchana na kupata mahali tambarare pa hema. Na asubuhi ya Ukuta wa Barranco, usigombanie kutoka mapema. Kambi nzima huondoka kwa pamoja, njia ni nyembamba, na wapagazi wenye mizigo wanahitaji kupita. Kama unaishia Karanga, ni mwendo wa saa nne hivi, hivyo ukiondoka saa tatu asubuhi hupotezi kitu.

Anayetaka kuikwepa Barranco kabisa apite Rongai, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Huko ni kukavu zaidi, hata miezi ya mvua. Marangu ni habari nyingine: hakuna mahema, watu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na vitanda vikijaa vimejaa. Huko nafasi inashikwa mapema, hasa ukilenga kuwa kileleni tarehe 9 Desemba.