SACK Panic

SACK Panic ni kasoro ya usalama katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo. Iligunduliwa na Jonathan Looney wa kampuni ya Netflix, ikatangazwa tarehe 17 Juni 2019 na kusajiliwa kwa namba CVE-2019-11477. Iliathiri matoleo kuanzia 2.6.29.

Chanzo

Kwa utaratibu wa SACK, mpokeaji wa data ya itifaki ya TCP hutaja vipande vilivyomfikia ili mtumaji arudie vilivyopotea tu. Mshambuliaji aliyeshusha kikomo cha ukubwa wa kipande hadi baiti 48 aliacha nafasi ya baiti 8 tu za data. Kwenye kompyuta za x86, bafa moja yenye mafungu 17 ya kilobaiti 32 iliweza kugawanyika katika vipande 69,632, ilhali kihesabu chake cha vipande, cha biti 16, hukomea 65,535. Kihesabu kilipofurika wakati kerneli ikiunganisha vipande kwa kufuata taarifa za SACK, kerneli ilisimama ghafla.

Utambuzi na tiba

Katika ripoti ya anguko, mfuatano wa miito huishia kwenye tcp_shifted_skb. Tiba ni kusasisha kerneli. Kinga ya muda ni kuzima SACK au kuzuia miunganisho yenye kikomo kidogo mno.