Uanagenzi wa Fundi Umeme: Toka Kilemba Hadi Mshahara



Zamani katika Pwani yetu kijana aliyetaka ufundi alimtumikia fundi wake miaka mingi, na siku ya kuhitimu ndiye aliyetoa: alimpa fundi kilemba, yaani ada ya kufunguliwa kazi. Desturi hiyo ilikuwa na adabu njema, lakini iliweza kumfungia mlango mtoto wa maskini.

Mambo yalianza kugeuka ilipofunguliwa Shule ya Ufundi ya Ifunda, Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Mwanafunzi alikaa miaka mitatu shuleni, kisha miwili kwa mwajiri, akijifunza huku akilipwa. Baadaye sheria ya 1994, iliyounda VETA, ikawatwika waajiri kodi ya kugharimia mafunzo.

Sisi wa Kitangari twaijua haja ya fundi. Maji ya Uwanda wa Makonde hutoka visima vya bonde la Mitema, nayo hupandishwa kwa pampu. Mota ikiungua, akina mama hushika tena njia ya bondeni, ndoo kichwani. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kusini katika miaka ya 1970 vilisimama kwa kukosa korosho, si kwa kukosa mafundi, hilo tukiri. Lakini mota iliyoungua haingoji. Na mwanagenzi asiyelipwa, ufikapo Oktoba, huweka koleo chini akaenda kuokota korosho za baba yake. Mimi simlaumu.