Benki ya chakula ilivyoanzia kwenye mapipa ya duka

John van Hengel hakuwa mtu ambaye ungemdhania kuwa mtetezi wa wenye njaa. Alizaliwa mwaka 1923 huko Waupun, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Alisoma chuo kikuu, kisha akaenda California kutafuta maisha mazuri, na kwa miaka kadhaa akayapata. Ndoa ikavunjika. Akarudi Wisconsin, akawa kibarua kwenye machimbo ya mawe. Siku moja alijaribu kuamulia ugomvi wa watu wengine, akaumizwa yeye. Upasuaji wa uti wa mgongo ukamwacha na miguu isiyomtii. Akaelekea Phoenix, Arizona, kwenye joto la jangwa, akafanya mazoezi ya kuogelea mpaka nguvu zikamrudia, kiasi cha kuajiriwa kuwa mwokoaji kwenye bwawa la umma.

Mtu aliyepoteza karibu kila kitu ana njia mbili: kunung'unika au kutafuta la kufanya. Van Hengel alikwenda kujitolea kwenye bwalo la chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, chama ambacho Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao wanakijua parokiani kwao. Kazi ilikuwa kuwapikia wasio na makao, na tatizo lilikuwa lile lile la kila jiko la misaada: sufuria kubwa, ghala tupu.

Phoenix ni mji wa michungwa. Miti hiyo hupandwa kwenye nyua za nyumba na kando ya barabara, na matunda mengi huanguka yakaoza bila mtu kuyaokota. Van Hengel akaanza kubisha hodi kwa wenye nyumba akiomba ruhusa ya kuchuma. Machungwa na mabalungi yakajaa bwaloni kuliko yanavyoweza kuliwa. Akapata gari kuukuu la kubebea maziwa, akawa anapeleka ziada kwenye vituo vingine vya misaada mjini. Kwa msomaji wa Biblia hapo hakuna jipya: Ruthu alikwishaokota masazo katika shamba la Boazi, na Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembezoni.

Jipya lilitoka kwa mama mmoja. Alikuwa na watoto kumi, mumewe yuko gerezani akisubiri kutekelezewa hukumu ya kifo, naye akija kula bwaloni. Van Hengel alipomuuliza anawalishaje watoto wote hao, alimweleza kuwa anaokota kwenye mapipa ya taka nyuma ya duka kubwa la vyakula, na kwamba vingi vinavyotupwa humo ni vizima. Van Hengel akaenda kujionea. Akakuta vyakula vilivyogandishwa ambavyo bado vina ubaridi wake, karoti zilizotoka kwenye mafungu yake, mikate iliyolala. Ni mama huyo huyo aliyesema kunahitajika mahali mfano wa benki, ambapo wenye chakula cha ziada wataweka na wenye shida watakuja kutoa.

Tuseme wazi: huyu ndiye aliyebuni benki ya chakula. Simulizi za waanzilishi zinamtaja kwa idadi ya watoto wake na kwa hukumu ya mumewe, si kwa jina. Van Hengel mwenyewe hakuficha kwamba wazo si lake, na hilo ni la kumsifu. Yeye alikuwa na kipaji kingine: kuzungumza na wenye maduka, kutafuta gari, kupanga watu wa kujitolea, na kung'ang'ania.

Alikwenda kwa Wafransisko wa parokia ya St. Mary's, katikati ya Phoenix. Parokia ikatoa dola 3,000 na jengo lililotelekezwa. Mwaka 1967 St. Mary's Food Bank ikafunguliwa, na inahesabiwa kuwa benki ya chakula ya kwanza duniani. Katika mwaka wa kwanza yeye na wenzake waligawa zaidi ya pauni 250,000 za chakula, yaani zaidi ya tani 110.

Namna ilivyofanya kazi inahitaji maelezo, kwa sababu kwetu neno "ghala la chakula" linatupeleka kwingine kabisa. Tanzania, kwa mfano, ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao hununua nafaka kwa wakulima na kuiweka akiba dhidi ya miaka ya ukame. Benki ya Phoenix haikuwekwa kungojea ukame. Ilikusanya kile ambacho soko limeshakikataa: makopo yaliyobonyea, makasha yaliyobandikwa lebo isiyo sahihi, maziwa yanayokaribia kuisha muda, mboga zisizo na sura ya kuuzika. Kisha haikumgawia kila aliyegonga mlango. Sehemu kubwa ya shehena ilikwenda kwa makanisa, mabwalo, vituo vya watoto na nyumba za wazee, vyama vilivyokuwa tayari vinawajua watu wao. Benki ilikuwa ghala la vyama, na vyama ndivyo vilivyokuwa na meza.

Uamuzi huo ndio uliofanya jambo la parokia moja liweze kuigwa. Mji wowote wenye maduka makubwa, ghala na lori ungeweza kuanzisha benki bila kuanzisha majiko mapya. Habari zikaenea, wageni wakaanza kufika Phoenix kujifunza. Katikati ya miaka ya 1970 serikali kuu ya Marekani ikatoa fedha ili St. Mary's isaidie miji mingine, na kufikia 1977 benki za chakula zilikuwa zimefunguliwa katika miji 18. Van Hengel akaiacha St. Mary's mikononi mwa wengine, akaanzisha chombo cha kuziunganisha zote, ambacho mwaka 1979 kilisimama kama Second Harvest. Ndicho kinachoitwa Feeding America tangu 2008.

Haya yote hayakusukumwa na huruma peke yake. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya kodi, na kampuni inayotoa bidhaa zake kwa wahitaji ikapata nafuu kubwa kuliko ile inayozitupa. Wema ukapata mshenga, na mshenga alikuwa mhasibu. Kikabaki kikwazo cha hofu: mwenye kiwanda alijiuliza nani atabeba kesi iwapo mtu ataugua kwa chakula alichokitoa bure. Majimbo yalitunga sheria zake moja moja, hadi mwaka 1996 Rais Bill Clinton aliposaini sheria ya nchi nzima ya Msamaria Mwema, iliyopewa jina la mbunge Bill Emerson wa Missouri, aliyefariki mwaka huo huo. Sheria hiyo inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa au kusudi baya.

Kati ya tarehe hizo mbili lilitokea jambo ambalo wasifiaji wa benki za chakula hupenda kulipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi wa Marekani ulidorora, kazi zikapotea, na serikali ya Ronald Reagan ikapunguza bajeti za misaada kwa maskini. Wakati huo huo maghala ya serikali yalikuwa yamefurika jibini iliyonunuliwa ili kulinda bei ya maziwa. Desemba 1981 Reagan akaamuru pauni milioni 30 za jibini hiyo zigawiwe. Vyama vya hisani na benki za chakula vikawa njia ya kuifikishia, na kilichoanza kama hatua ya dharura kikawa mpango wa kudumu. Mwaka 1998 mwanasosholojia Janet Poppendieck alitoa kitabu akidai kwamba ukarimu wa namna hii unawatuliza wenye dhamiri huku haki ya raia kupata msaada wa serikali ikipunguzwa kimyakimya. Naona ana hoja. Tani za chakula zikiongezeka kila mwaka, ghala limefanikiwa, lakini nchi haijafanikiwa.

Nje ya Marekani hadithi ilijirudia kwa namna ya kushangaza. Kanada ilipata benki yake ya kwanza mjini Edmonton mwaka 1981. Ufaransa, mtawa Cécile Bigo aliandika mwaka 1984 katika gazeti la La Croix juu ya njaa iliyokaa jirani na chakula kinachotupwa. Bernard Dandrel akausoma wito huo, na mwaka huo huo benki ya kwanza ikafunguliwa viungani mwa Paris. Uingereza, Carol na Paddy Henderson wa Salisbury walikuwa wakisaidia watoto wa Bulgaria kupitia taasisi yao ya Trussell Trust, mpaka alipowapigia simu mama mmoja wa mji wao wenyewe, kuwaambia kwamba watoto wake wanalala njaa usiku ule. Mwaka 2000 wakaanza kugawa chakula kutoka kwenye banda la bustani na gereji yao. Mtindo wao ulikuwa tofauti na wa Phoenix: chakula kinatolewa na majirani, na mhitaji anakuja na hati kutoka kwa daktari au ofisa wa ustawi wa jamii. Chanzo, hata hivyo, kilikuwa kile kile. Mama aliyejua njaa alisema, na mwenye uwezo akasikiliza.

Mwaka 2006 benki za Argentina, Kanada, Marekani na Mexico ziliunda mtandao wa dunia wenye makao Chicago, ambao sasa unafika hadi kwetu. Nchini Kenya ipo Food Banking Kenya, inayochukua mazao ya ziada kutoka mashambani na kwenye vituo vya kufungashia mboga, yakiwemo yaliyokataliwa kwa umbo au ukubwa, na kuyapeleka kwenye shule na vituo vya watoto. Mabalungi ya Phoenix yamekuwa maharage mabichi.

Van Hengel mwenyewe hakutajirika. Alivaa nguo za mitumba na aliishi katika chumba kilicho juu ya gereji, akila chakula cha aina ile ile alichowagawia wengine. Alifariki Phoenix Oktoba 2005, akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa yeyote wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura anayefikiria kuanzisha kitu kama hiki: lori na ghala utavihitaji, na makubaliano ya maandishi na wenye maduka pia. Lakini kabla ya kuandika barua ya kwanza kwa mfadhili, nenda sokoni jioni wachuuzi wanapofunga, ukawaulize wanaookota ni nini kinachotupwa, wapi, na saa ngapi. Wao wanajua tayari. Na ukishaanza, andika majina yao.