Risasi za Tembo: Kutoka Jinja hadi Karamoja

Risasi ya kuwindia mnyama mkubwa hutakiwa mambo mawili yasiyopatana: ifike mbali ndani ya mwili, na ijeruhi kwa upana. Iliyo laini hupanuka ikigusa nyama na kusimama mapema. Iliyo ngumu hupita ikiacha tundu jembamba. Kwa tembo, ambaye ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mpana wenye vijumba vingi vya hewa, ugumu ndio ulioamua.

John Speke alipofika maporomoko ya Ripon, Jinja, tarehe 28 Julai 1862, bunduki zilikuwa bado za baruti nyeusi na risasi zilikuwa za madini ya risasi matupu, ambayo yakigonga mfupa mnene hubonyea kama udongo mbichi. Wawindaji wa Kizungu walichanganya madini hayo na bati au zebaki, au waliongeza uzito tu: Frederick Selous, kusini mwa Afrika miaka ya 1870, alifyatua risasi za robo ratili, zipatazo gramu 113. Wenye magobore wa Kiafrika walikuwa na njia ya tatu, ambayo vitabu vingi huitaja kwa mstari mmoja na kuendelea: vipande vya chuma vilivyofuliwa na wahunzi. Chuma kilikwaruza mtutu, na shabaha yake ilikuwa ya karibu, lakini hakikubonyea. Hiyo ni elimu ya risasi, hata kama hakuna aliyeipigia hesabu karatasini.

Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi alitengeneza risasi yenye ganda la shaba. Baruti isiyo na moshi ikafuata, na mwaka 1899 Azimio la Hague likakataza risasi zinazopanuka vitani. Hivyo risasi ya kijeshi iliyofunikwa ganda gumu ikaenea, nayo ndiyo iliyofika Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Mji huo uliokua kuzunguka boma la chifu Semei Kakungulu ulikuwa njia ya misafara ya pembe kwenda Karamoja.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na kuandika The Wanderings of an Elephant Hunter (1923), aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 hivi. Tangu hapo hudaiwa kwamba risasi ndogo yatosha. Dai hilo limekatwa mkia. Risasi ya Bell ilikuwa ndefu kwa kipenyo chake, yenye pua ya mviringo na ganda lisilopasuka. Ikienda takriban mita 700 kwa sekunde, ilinyooka ndani ya fuvu. Zaidi ya hayo, Bell alipasua mafuvu kwa msumeno ili aujue ubongo ulipo. Udogo ulimpunguzia teke la bunduki na kumtuliza mkono, haukuua tembo.

Upande wa pili, John Taylor katika African Rifles and Cartridges (1948) alizidisha uzito, kasi na kipenyo ili kupata kipimo cha mshtuko. Aliikusudia hesabu hiyo kwa tembo aliyekoswa ubongo kidogo. Walioinukuu baadaye waliigeuza kipimo cha kila kitu, ilhali haina hata tarakimu moja inayohusu ganda wala umbo la pua, na risasi iliyopinda njiani haisaidiwi na uzito wake.

Karamoja yenyewe ilifungwa kwa wafanyabiashara mwaka 1911. Katika miaka ya 1970 tembo wa Uganda waliangamizwa zaidi kwa wingi wa risasi za kijeshi kuliko kwa shabaha.

Kwa nyati na pofu, ambao tofauti na tembo hutaka jeraha pana, tatizo lilikuwa ganda kuachana na kiini. John Nosler, Mmarekani, aliweka ukuta wa shaba katikati ya risasi na kuanza kuiuza mwaka 1948: sehemu ya mbele hupanuka, ya nyuma hubaki nzima na kusukuma. Risasi za tembo za sasa nyingi huchongwa kwa shaba au shaba nyeupe tupu, bila kiini cha kuachana nacho.