Chembe za nano kuongeza nguvu ya saruji barabarani: Hesabu ya kilomita moja Mikese

MSAFIRI atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro huipita Mikese kwa dakika chache tu, akiwa juu ya lami. Akiiacha barabara kuu na kushika njia za udongo ziendazo vijijini, kuelekea Milima ya Uluguru, hukutana na tatizo linalofahamika na kila dereva wa eneo hilo: masika udongo hugeuka tope, kiangazi hugeuka vumbi.

Tatizo hilo si geni. Mikese ina stesheni katika Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907. Majeshi ya Uingereza yalipoutwaa mji wa Morogoro Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mikese ikawa mahali pa kushushia shehena zilizopelekwa kusini, kuelekea Duthumi na Mto Rufiji. Mvua kubwa za mwaka 1917 ziliiharibu njia hiyo. Magari yalikwama, na wapagazi wa Kiafrika wakalazimika kubeba mizigo iliyoshindwa kupita kwa magurudumu.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, wahandisi wana njia nyingi za kuupa udongo nguvu. Mojawapo ya zile zinazochunguzwa katika maabara za nchi mbalimbali ni kuongeza chembe ndogo mno, ziitwazo chembe za nano, katika saruji inayochanganywa na udongo wa barabara. Swali kwa maeneo kama Mikese ni kama teknolojia hiyo inaweza kulipa gharama zake.

Saruji ndani ya udongo

Kuimarisha udongo kwa saruji si jambo jipya nchini. Kifusi kisichokidhi viwango huchanganywa na saruji kwa kiasi cha asilimia chache za uzito wake, kikatiwa maji, kikashindiliwa, kisha kikaachwa kikomae kikiwa na unyevu. Mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 unayagawa matabaka ya aina hiyo kwa madaraja. Daraja la C1 linatakiwa kuhimili mgandamizo wa angalau megapaskali 1, na C2 angalau megapaskali 2.

Faida yake ni kwamba mjenzi hutumia udongo uliopo karibu badala ya kusafirisha kokoto kutoka mbali. Hata hivyo, saruji ikizidi, tabaka husinyaa na kupata nyufa, na maji hupenya humo. Aidha, gharama hupanda, na uzalishaji wa saruji duniani huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu.

Aina ya udongo nayo ina neno lake. Udongo mweusi wa mbugani huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo uliotokana na miamba yenye ulanga una shida nyingine: vipande vya ulanga ni vyembamba na hunepa, hivyo hufumuka tena baada ya kushindiliwa. Milima ya Uluguru inajulikana kwa madini hayo, ambayo yalichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kwa sababu hiyo, kipimo kilichofaa kwenye mchanga wa pwani hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo na kutumiwa katika eneo hilo.

Chembe hizo hufanya nini

Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Punje ya kawaida ya saruji ina upana wa nanomita zipatazo 10,000 hadi 20,000, wakati chembe za silika ya nano huwa na nanomita chache hadi makumi kadhaa.

Saruji inapokutana na maji hutoa gundi ya kalsiamu na silika, ambayo ndiyo inayozishika punje za udongo. Pamoja na gundi hiyo hutoka chokaa, ambayo peke yake haiongezi nguvu kubwa. Silika ya nano huungana na chokaa hiyo na kutengeneza gundi zaidi. Vilevile, chembe hizo huharakisha ukomaaji wa saruji na kuziba vitundu vidogo ambamo maji yangepita.

Lakini wingi wake si lazima uwe faida. Chembe zikizidi au zisipotawanywa sawasawa huganda pamoja na kuwa mabonge, na nguvu iliyotarajiwa hupungua. Pia mchanganyiko huhitaji maji mengi zaidi.

Hesabu ya kilomita moja

Tuchukue mfano wa barabara ya kijijini yenye upana wa mita 6, inayowekewa tabaka la udongo na saruji lenye unene wa sentimita 15. Kilomita moja inahitaji mita za ujazo 900 za udongo ulioshindiliwa. Ikiwa kila mita ya ujazo ina kilo 1,900, huo ni uzito wa tani 1,710.

Saruji ya asilimia 4 ni tani 68.4, yaani mifuko 1,368 ya kilo 50. Ikiwa vipimo vya maabara vitaonyesha kwamba chembe za nano zinawezesha kushuka hadi asilimia 3 bila kupoteza nguvu, saruji itakuwa tani 51.3, sawa na mifuko 1,026. Mifuko 342 itakuwa imeokolewa.

Kama chembe hizo ni asilimia 1 ya uzito wa saruji, zitahitajika kilo 513. Maana yake ni kwamba kilo moja ya chembe za nano isizidi theluthi mbili ya bei ya mfuko mmoja wa saruji. Ikizidi hapo, mradi unapata hasara hata kama majaribio ya nguvu yamefaulu, isipokuwa barabara idumu muda mrefu zaidi.

Silika kutoka mashambani

Huenda jibu la gharama likapatikana mkoani Morogoro kwenyewe. Kilombero, Dakawa na Kilosa hulima mpunga kwa wingi. Kila tani 100 za mpunga hutoa takriban tani 20 za maganda, na maganda hayo yakichomwa hubaki tani zipatazo 4 za majivu. Zaidi ya asilimia 80 ya majivu hayo ni silika.

Majivu hayo si chembe za nano. Maganda hayana budi kuchomwa kwa joto linalodhibitiwa, lisilozidi nyuzi 700 hivi, ili silika ibaki katika hali inayoungana na chokaa kwa urahisi. Baada ya hapo husagwa sana au kusafishwa kwa kemikali. Hata majivu yaliyosagwa kwa kawaida hutumika pamoja na saruji kuimarisha udongo, na hiyo ni hatua nafuu ya kuanzia.

Yasiyobadilika

Hakuna chembe itakayochukua nafasi ya mifereji. Barabara isiyo na njia ya kuondoa maji huharibika hata ikitiwa saruji mara mbili. Vilevile, mchanganyiko wa saruji sharti ushindiliwe ndani ya saa chache baada ya kutiwa maji, kabla haujaanza kushika, kisha ulindwe usikauke kwa siku 7.

Usalama wa wafanyakazi nao ni muhimu. Vumbi la chembe hizo huweza kuingia ndani kabisa ya mapafu, hivyo ni salama zaidi kuzichanganya kwanza na maji na kuwapa vibarua barakoa zinazofaa.

Kwa halmashauri na kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017, hatua ya kwanza si kununua madumu ya kemikali. Ni kuchukua magunia ya udongo wa eneo husika, kuyapeleka maabara, na kulinganisha mchanganyiko wa saruji pekee, saruji na majivu, na saruji na chembe za nano. Kinachofuata ni kipande kifupi cha majaribio, kikaguliwe baada ya masika mawili au matatu, ndipo fedha za kilomita nyingi zitolewe.